Intavali na Saa: Namna ya Kukadiria Uwezo wa Kijana katika Mita 800 na 1500

Mbio za masafa ya kati, yaani mita 800 na mita 1500, humpa kijana nafasi chache za kujipima. Mwanafunzi wa sekondari hupata mashindano ya maana mara chache tu kwa mwaka: ya shule, ya wilaya, na akifaulu, ya mkoa au ya taifa. Kati ya shindano moja na jingine, ushahidi alio nao yeye na kocha wake ni mazoezi, hasa mazoezi ya intavali: kukimbia umbali mfupi kwa kasi, kupumzika kwa muda uliopangwa, kisha kurudia. Hapo ndipo swali huzuka. Kijana aliyekimbia mita 400 mara sita kwa sekunde 68 kila mara, atamaliza mita 1500 kwa muda gani? Jibu linapatikana, lakini halimo katika zile sekunde 68 peke yake.

Kila zoezi la intavali lina mambo manne: urefu wa kipande kinachokimbiwa, idadi ya vipande, muda wa kila kipande, na mapumziko kati ya kipande na kipande. Vijana wengi hukumbuka matatu ya kwanza na kulisahau la nne, na hilo la nne ndilo lenye uzito kuliko yote. Mita 400 sita kwa sekunde 68 zenye mapumziko ya dakika moja ni kazi ya mkimbiaji aliyekwisha kuiva kwa mita 1500. Sekunde hizohizo zikipatikana kwa kupumzika dakika tano, akiketi na kunywa maji, zinaonyesha tu kwamba anaweza kukimbia mzunguko mmoja vizuri, na kwamba anaweza kufanya hivyo tena baada ya kusahau uchovu. Daftari lisiloandikwa mapumziko halimwambii kocha chochote cha kuaminika.

Walioanzisha mazoezi haya kwa utaratibu wa kisayansi waliyachukulia mapumziko kuwa kiini cha zoezi. Katika miaka ya 1930 kocha Mjerumani Woldemar Gerschler, aliyefanya kazi Freiburg pamoja na daktari wa moyo Herbert Reindell, alimtaka mkimbiaji akimbie mpaka mapigo ya moyo yafike karibu 180 kwa dakika, kisha apumzike mpaka yashuke hadi 120. Ikiwa mapigo hayakushuka hivyo ndani ya sekunde 90, ilimaanisha kipande kilikuwa kikali mno au kirefu mno kwa mtu huyo. Mwanafunzi wake, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa dakika 1:46.6 mjini Milan mwaka 1939, na rekodi hiyo ya dunia ikadumu miaka 16. Kipimo cha Gerschler hakihitaji mashine. Vidole viwili shingoni, saa mkononi, hesabu ya sekunde 10 na kuzidisha kwa 6 vinatosha.

Mfano ulio wazi kuliko wote wa intavali kutabiri mbio ni ule wa Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari wa Uingereza, aliyekuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Zoezi lake kuu katika majira ya baridi ya 1953 hadi 1954 lilikuwa yadi 440, ambazo ni kama mita 402, mara kumi, akipumzika dakika mbili kila baada ya kipande. Mwezi baada ya mwezi alipunguza muda wa kila kipande, kutoka sekunde 66 hivi mpaka 61. Kufika hapo akakwama. Alihitaji 60 au pungufu, kwa kuwa maili ina mizunguko minne ya yadi 440 na dakika nne ni sekunde 240, lakini kila alivyojilazimisha, saa ilikataa. Aliacha kukimbia kwa siku chache, akaenda Scotland kupanda milima na mwenzake Chris Brasher, na aliporudi alikimbia vipande vyote kumi kwa sekunde 59. Tarehe 6 Mei 1954, katika uwanja wa Iffley Road mjini Oxford, alimaliza maili kwa dakika 3:59.4. Wastani wa kila mzunguko ulikuwa sekunde 59.85.

Kisa hicho kinastahili kusomwa polepole na kila kijana mwenye daftari la mazoezi. Jumla ya vipande kumi ilikuwa maili mbili na nusu, yaani mara mbili na nusu ya umbali wa shindano. Mapumziko yalikuwa marefu kidogo kuliko ambavyo makocha wengi wa leo wangeruhusu, lakini wingi wa vipande ulifidia. Na zoezi lilikuwa lilelile kwa miezi, kwa hiyo sekunde 61 za Aprili ziliweza kulinganishwa na sekunde 66 za Desemba bila shaka yoyote. Lipo jambo jingine linalopuuzwa mara nyingi: kukwama kwake hakukumaanisha kwamba uwezo umefika mwisho. Uwezo ulikuwepo, ila ulifunikwa na uchovu. Mtoto wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mitihani, analala saa tano na kutembea kilomita kadhaa kwenda shule, anaweza kuona intavali zake zikiharibika kwa wiki tatu ilhali misuli na moyo wake havijarudi nyuma hata kidogo. Kabla ya kushusha makadirio, kocha mwema huuliza habari za usingizi na chakula.

Ili kuelewa kwa nini mapumziko hubadilisha maana ya saa, inafaa kujua mwili unavyopata nguvu. Kuna njia inayotumia oksijeni, ambayo ni tulivu na ya kudumu, na kuna njia zisizongoja oksijeni, ambazo ni kali lakini huisha upesi. Wengi hudhani mita 800 ni mbio za kasi tupu. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba takriban theluthi mbili ya nguvu yake hutoka kwenye njia ya oksijeni, na katika mita 1500 sehemu hiyo hupita asilimia 80. Sehemu iliyobaki hutoka kwenye akiba ya misuli na katika kazi ile inayoacha miguu ikiungua mita 100 za mwisho. Akiba ya haraka kuliko zote hujaa tena karibu nusu ndani ya sekunde 30 za kupumzika, na sehemu yake kubwa hujaa ndani ya dakika tatu. Katika shindano akiba hiyo hutumika mara moja tu. Katika intavali za mapumziko marefu kijana huipokea upya kila kipande, kwa hiyo saa humsifu kuliko anavyostahili.

Kwa mita 1500, zoezi linalotoa makadirio mazuri ni lile ambalo jumla ya vipande ni kati ya mara moja na nusu na mara mbili ya umbali wa shindano, na mapumziko hayazidi sana mara moja na nusu ya muda wa kukimbia. Mita 400 mara sita, au mita 300 mara nane, hutimiza sharti hilo. Tuseme kijana wa miaka 17 amekimbia mita 400 sita kwa wastani wa sekunde 67, akipumzika sekunde 90 kwa kutembea. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu, hivyo 67 huzidishwa kwa 3.75 na kupata sekunde 251, ambazo ni dakika 4:11. Hilo ndilo kadirio la katikati. Busara ni kuandika dakika 4:09 hadi 4:15, kwa sababu zoezi moja halina usahihi wa kutenganisha sekunde moja na nyingine. Akipunguza mapumziko hadi dakika moja au chini yake na bado akapata 67, basi anakimbia kwa kasi iliyo karibu na ile ya mita 3000, na uwezo wake wa mita 1500 ni mzuri zaidi ya 4:11. Akiyarefusha hadi dakika nne au tano, 67 hiyo inasema zaidi kuhusu mzunguko mmoja na mbio za mita 800, na kuitumia kukadiria mita 1500 ni kujidanganya.

Wastani pekee nao hautoshi. Kijana mmoja akikimbia vipande vitano kwa sekunde 64, 66, 68, 70 na 72, wastani wake ni 68. Mwenzake akikimbia 69, 68, 68, 68 na 67, wastani ni huohuo 68. Wa kwanza alianza kwa kasi asiyoweza kuihimili, na katika shindano atalipa deni hilo kwenye mzunguko wa tatu wa mita 1500, pale mbio zinapokuwa ngumu na kengele haijapigwa. Wa pili amebakiza kitu, na huenda uwezo wake halisi ni bora kuliko daftari linavyoonyesha. Kipande cha mwisho kinachokimbiwa kwa mbwembwe, sekunde nne chini ya vilivyotangulia, kisiingizwe kwenye wastani. Kinaonyesha tu kwamba vilivyotangulia vilikuwa vyepesi.

Mita 800 ni ngumu zaidi kukadiria, kwa sababu zimekaa katikati ya kasi na pumzi, na wakimbiaji wake hawafanani. Njia ya zamani ni kuchukua muda bora wa mita 400, kuuzidisha kwa mbili, kisha kuongeza sekunde kadhaa. Ni sekunde ngapi, hapo ndipo wanariadha hutofautiana. David Rudisha wa Kenya, aliyeweka rekodi ya dunia ya dakika 1:40.91 mjini London mwaka 2012, ana muda bora wa mita 400 wa sekunde 45.15, hivyo tofauti yake ni karibu sekunde 10.6. Sebastian Coe wa Uingereza alikimbia 1:41.73 mwaka 1981 ilhali muda wake bora wa mita 400 ulikuwa 46.87, tofauti ya sekunde 8 tu. Rudisha alikuwa na kasi zaidi. Coe, aliyeshinda pia mita 1500 katika Olimpiki mbili, alihifadhi sehemu kubwa zaidi ya kasi aliyokuwa nayo. Kwa kijana ambaye bado hajajenga pumzi, tofauti ya sekunde 12 au 14 ni ya kawaida kabisa. Msichana wa miaka 16 mwenye sekunde 62 katika mita 400 anaweza basi kutarajia kati ya dakika 2:16 na 2:18. Akipata 2:22, kasi anayo na pumzi ndiyo iliyopungua, na hiyo ni habari njema kwa sababu pumzi hujengeka.

Kipimo cha mita 800 kilicho karibu na ukweli kuliko vyote ni mita 600 moja, kwa nguvu zote, baada ya kupasha mwili moto vizuri na bila zoezi zito kwa siku mbili kabla. Mita 200 zinazobaki, kama angeendelea, zingechukua sekunde 2 hadi 4 zaidi ya wastani wa mita 200 zilizotangulia. Kijana aliyemaliza mita 600 kwa sekunde 90, yaani 30 kwa kila mita 200, anaweza kukadiriwa dakika 2:02 hadi 2:04. Baadhi ya makocha hupenda kuzigawa mbio zenyewe, mita 500 kisha dakika moja ya kupumzika kisha mita 300, na kujumlisha nyakati hizo mbili. Jumla hiyo ni bora kuliko atakavyokimbia kwa mfululizo, kwa hiyo ichukuliwe kama mpaka ambao hatauvuka.

Frank Horwill, aliyeasisi klabu ya wakimbiaji wa maili ya Uingereza mwaka 1963, aliacha kanuni inayounganisha mbio hizi. Kila umbali unapokaribia kuongezeka mara mbili, kila mzunguko wa mita 400 hupungua kasi kwa sekunde 4 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke. Mkimbiaji wa mita 800 kwa dakika 2:00, yaani 60 kwa mzunguko, angekimbia mita 1500 kwa 64 kwa mzunguko, ambazo ni dakika 4:00, na mita 3000 kwa 68, ambazo ni dakika 8:30. Wavulana wengi wa shule wenye 2:00 hawafiki 8:30 hata kidogo. Ndiyo maana kanuni hii inafaa zaidi kuonyesha upungufu uko wapi kuliko kutabiri shindano la Jumamosi. Kijana ambaye kasi yake hushuka sekunde 7 au 8 kila umbali unapoongezeka anahitaji mbio ndefu za polepole, na intavali zaidi hazitamsaidia.

Umri nao hubadilisha maana ya namba. Watoto ambao hawajabalehe hupona haraka kati ya kipande na kipande kuliko watu wazima, na misuli yao huzalisha nguvu pungufu kwa njia isiyotumia oksijeni. Mtoto wa miaka 12 au 13 anaweza kumaliza vipande vinane akicheka, kisha akashindwa kuifikia kasi hiyo katika shindano lisilo na mapumziko. Kwake intavali hukadiria juu mno, na kadirio la haki hutokana na mbio za mfululizo za mita 600 au 1000. Katika miaka ya kurefuka ghafla, hatua hubadilika, magoti huuma, na saa hupanda na kushuka bila sababu ya mazoezi. Msichana aliyeanza hedhi ambaye intavali zake zinadorora mwezi baada ya mwezi, akichoka hata kwa kukimbia polepole, apelekwe kituo cha afya apimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma ni wa kawaida kwa wasichana wanaokimbia, nao hutibika. Kumwongezea mazoezi katika hali hiyo ni kumuumiza.

Uwanja pia una la kusema. Viwanja vingi vya shule ni vya nyasi na vilipimwa kwa hatua za miguu. Kama mzunguko ni mita 380, sekunde 60 humo ni sawa na sekunde 63 kwa mita 400, na katika mita 1500 kosa hilo hufika karibu sekunde 12. Utepe wa kupimia na saa moja ya kazi huondoa tatizo hilo kwa miaka. Hata kwenye uwanja rasmi, anayekimbia katika njia ya pili hupita mita 400 kwa takriban mita 7. Nyasi ndefu, mchanga, upepo, na jua la saa nane mchana la pwani huongeza sekunde. Kukimbia nyuma ya mkimbiaji mwingine huzipunguza, kwa hiyo zoezi la peke yake lisilinganishwe na la kundi.

Mwinuko wa mahali hugusa mbio hizi kwa namna isiyo sawa. Olimpiki ya 1968 ilifanyika Mexico City, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Ralph Doubell wa Australia aliifikia rekodi ya dunia ya mita 800 katika hewa hiyo nyepesi, lakini Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 kwa dakika 29:27.4 wakati rekodi ya dunia ilikuwa 27:39.4. Mita 1500 ziko kati ya hayo mawili. Kijana anayefanya intavali Iten, kwenye mita 2,400 hivi, akishuka kushindana Mombasa au Dar es Salaam atarajie nafuu ndogo katika mita 800 na nafuu ya wazi zaidi katika mita 1500, kama joto halitamnyang'anya nafuu hiyo.

Kadirio likishapatikana, kazi yake ya kwanza ni kupanga mzunguko wa kwanza wa shindano. Katika mita 800 mzunguko wa kwanza huwa wa kasi kidogo kuliko wa pili. Rudisha huko London alipita kwa sekunde 49.28 na kumaliza mzunguko wa pili kwa 51.63. Kijana mwenye kadirio la 2:04 anaweza kupita kwa 60 au 61, si kwa 57. Katika mita 1500 usawa ni bora, ingawa fainali za ubingwa hazifuati saa: mwaka 2016 mjini Rio de Janeiro, Matthew Centrowitz wa Marekani alishinda Olimpiki kwa dakika 3:50.00, muda ambao washindani wake wengi waliuweza kwa urahisi. Kinyume chake, Filbert Bayi wa Tanzania alipoongoza tangu mwanzo huko Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.2, John Walker wa New Zealand aliyemfuata naye alivunja rekodi ya zamani. Kwa hiyo muda wa shindano la kuviziana haufai kusahihisha makadirio. Muda wa shindano lililokimbiwa kwa nguvu tangu mwanzo ndio unaofaa.

Baada ya shindano la namna hiyo, kadirio na matokeo huandikwa kando kwa kando. Kijana aliyekadiriwa 4:11 akamaliza kwa 4:16 ana tofauti ya sekunde 5. Ikijirudia katika mashindano matatu au manne, hiyo ndiyo tofauti yake binafsi, na tangu hapo huongezwa kwenye kila hesabu itokayo katika zoezi lilelile, uwanja uleule, kwa mapumziko yaleyale. Tofauti ikipungua ilhali intavali hazijabadilika, amejifunza kushindana. Ikiongezeka huku intavali zikizidi kuwa nzuri, basi anashindana mazoezini na kufika kwenye shindano akiwa amechoka, na hatua ya kwanza ni kumpunguzia vipande viwili katika wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano.